Kabati Lenye Tumbo Nyuma

Juzi, kwenye forodha ya Malaba, nilimwona afisa akiligonga kabati kwa vidole huku ametega sikio kama daktari. Kwa mbele lilikuwa kabati zuri la mvule. Kwa nyuma lilitokeza kama tumbo lililoshiba.

"Mzee, huku nyuma umeficha nini? Sukari?"

Fundi mwenye kabati akajibu, "Hakuna kitu, boss. Nimelitengeneza nyumbani kwangu Amagoro, nampelekea mama ng'ambo. Nyumba yake ni ya duara. Nilipima ukuta kwa kamba."

"Kabati la duara nani ameona?" Afisa akaagiza shoka.

Fundi akalikumbatia kabati lake. "Mwezi mzima nimeranda vipande hivi, kimoja kimoja! Boss, kwani wewe unalala nyumba gani?"

Afisa akasema lijaribiwe kwanza kwake. Nyumba yake ilikuwa pale pale nyuma ya ofisi, ya bati, mviringo kama pipa. Sisi wa foleni tukalibeba kabati hadi ndani, hata mama mmoja akashika pembe. Tulisogeza kando kabati la afisa, la pembe nne, tukaliegemeza la fundi. Likaulalia ukuta kama mtoto mgongoni. Afisa akajaribu kupenyeza mkono nyuma yake, haukupita.

Akarudisha shoka mwenyewe.

"Mzee," akasema polepole, "nyuma ya langu panya wamezaa mara tatu."

Sisi wengine hununua kabati kwanza, kisha tukailaumu nyumba. Fundi alitoa kamba mfukoni, akaanza kupima ukuta.