Siku Nilipotaka Kuwa Yatima

Nilimuua mama yangu kwa mdomo ili nipate viatu vya shule. Juzi nimewaona kina mama wa kanisa wakigawa viatu pale Mbugani, na harufu ya raba mpya ikanirudisha darasa la kwanza.

Atupele, mtoto wa mama mdogo, tuliishi naye tangu mama yake afariki. Ukimwi haukutajwa nyumbani, nimejua baadaye kuwa ndio uliomuua. Mimi niliona tu anapewa madaftari, sweta, na sasa viatu, nikaamini uyatima ni cheo. Siku kina mama wa kanisa walipogawia yatima viatu, alitangulia kutoka nyumbani. Nikaja kujipanga nyuma yake.

"Na wewe, mwanangu?" akauliza mama mgawaji.

"Mama amekufa."

"Jamani! Lini?"

"Sasa hivi, nilipokuwa natoka."

Atupele alidondosha viatu vyake, akakimbia nyumbani akipiga yowe. Nilimfuata nikicheka. Mama alikuwa anageuza mbegu za kakao zilizochachushwa na kuanikwa juani, mikono ikinuka uchachu. Atupele alimkumbatia miguu, na hakumwachia hadi jioni.

Mama hakunichapa. Alisema, "Wewe ulitaka viatu tu. Mwenzako leo amefiwa na mama mara ya pili."