Nilijifanya Sikuuona Mkono Wake

Ndugu zangu, mimi ndiye niliyeiua sauti ya mwimbaji wetu. Gitega nzima inasema ni ugonjwa wa koo. Si kweli, na nimechoka kulibeba jambo hili peke yangu.

Mnamjua hata nisipotaja jina. Yule kijana wa Magarama aliyepaka rangi ya fedha machoni, mwenye viatu vilivyopandishwa na fundi kwa vipande vya tairi, na shati la kumetameta. Kitambaa hakikutosha, kwa hiyo mgongoni lilikuwa jeusi tu. Nyinyi hamkuwahi kuuona mgongo ule. Sisi wapigaji wa nyuma ndio tuliouangalia, maana ndipo alipotupa ishara: kiganja wazi ni rudieni, ngumi ni malizeni. Mimi niliongoza kwa gitaa langu, wenzangu walinifuata.

Siku ya onyesho la Muyinga, kabla hatujapanda jukwaani, alinivuta pembeni.

"Kaka, koo iko naniuma. Docteur amesema nisilazimishe. Leo nikifunga mukono, tumalize mbio. Mi nakutegemea we."

Nikamwambia asijali.

Halafu wenyeji wakaja kumsalimia, wakauliza sisi ni akina nani. Akacheka. "Hawa? Hawa ni watu yangu ya nyuma."

Jamani! Wimbo uliowaleta watu wote wale uwanjani niliutunga mimi. Roho iliniuma mpaka chakula kikanishinda.

Jua lilikuwa bado kali tulipoufikia wimbo huo. Nikapiga solo yangu, watu wakashangilia. Mkono wake ukaja mgongoni, ukafungwa. Niliuona, Mungu anisamehe, niliuona kama ninavyoviona vidole vyangu sasa hivi. Nikageuza uso kwenye spika, nikaanza solo upya. Nilitaka wanisikie na mimi. Bendi ikanifuata, na yeye ikambidi arudi kuimba kiitikio, kule juu kabisa.

Ngumi ikaja tena, imebanwa mpaka mishipa ikasimama. Nikarudia tena.

Hapo sauti ikakatika. Alifungua mdomo, ukatoka mlio wa mlango mbovu. Watu wakacheka, wakidhani ni mbwembwe zake. Akajifuta mdomo kwa mkono wa shati, na vile vimetameta vikaingia damu.

Tulipokuwa tunakunja nyaya, mpiga ngoma wetu, Mkongomani wa Kivu ya Kusini, alizungumza bila kunitazama.

"Ulimuona. Mi nilikuona vile ulikuwa unaangalia iyo mukono."

"Jua lilinipiga machoni," nikasema.

"Bon, sawa," akasema, akabeba ngoma zake. Tangu siku hiyo hajapiga tena na mimi.

Sauti haikurudi. Leo mwimbaji wetu analima na mama yake huko Itaba, na anaongea kwa kunong'ona. Mimi bado napiga, kanisani na harusini. Lakini mwimbaji yeyote akipeleka mkono nyuma, hata kama anavuta tu shati lake, vidole vyangu vinakufa kwenye nyuzi. Mwanangu mchanga akinyonya huku amekunja ngumi, natoka nje. Mke wangu anadhani simpendi mtoto.

Juzi nikajikaza nikaenda Itaba. Alinipokea vizuri, akanitangulia kwenye kinjia cha migombani kunionyesha shamba. Mimi nikawa nyuma yake, kama zamani. Nikaanza ile hadithi yangu: lile jua, kaka, lilikuwa kali mno, sikuona kitu chochote.

Hakugeuka. Akapeleka mkono mgongoni taratibu, akafunga ngumi.

Nikaiacha hadithi yangu hapohapo. Kumbe alijua siku zote!

Hata msamaha sikuweza kuomba. Mama yake alituletea maharage, nikala, nikaaga.

Wewe unayesimama nyuma ya mtu, na mkono wake unauona wewe tu, nakuomba: ukifungwa, acha. Usifanye kama mimi, niliyekuja kuacha migombani.