Taa Pacha za Desanka

Umma wa mji wa Niš unaarifiwa kwamba saa mbili hii ya asubuhi, nyuma ya soko, linatendeka jambo zito la kisayansi. Jambo lenyewe ni mama wa miaka sitini na mitatu, koti begani, anayegonga kioo kwa penseli na kusikiliza.

Desanka Vuletić anachagua taa za amplifaya ya gitaa. Si za kumulika: ni vichupa vya kioo vinavyokuza sauti, na hukaa viwili viwili. Visipolingana nguvu, kimoja hubeba mzigo wa mwenzake hadi kiungue, pengine kiondoke na transfoma.

Desanka haiamini stika ya kiwandani. Kila taa huipasha moto nusu saa, huipima, kisha huandika namba kwenye utepe wa karatasi na kuubandika kwenye boksi. Namba zikifanana, hizo ni pacha. Ndiyo kazi yake kwa miaka thelathini, tangu kiwanda cha redio kilipomwachisha kazi. Amplifaya moja humpa dinari elfu tatu. Miwani yake mpya imekula malipo ya amplifaya tisa.

"Macho yamechoka, mgongo umechoka, hata kahawa imechoka," anasema, akimimina ya jana.

Mteja wake ni Zvezdan, mpiga gitaa wa harusi, na Jumamosi ana wageni mia tatu. Anataka taa za bei rahisi. Desanka anamweleza kwamba hizo huimba vizuri wiki mbili tu. Zvezdan anajibu kwamba zinatosha, kuna ndoa zisizofika huko.

"Nyamaza, mwanangu, nisikie."

Desanka anatoa maboksi mawili, yote yameandikwa thelathini na nne. Anapachika, anawasha. Dakika haijaisha, taa ya kushoto inaiva tumboni, nyekundu kama chuma cha mhunzi. Desanka anachomoa waya kabla sisi wengine hatujaelewa kitu.

Transfoma imepona. Anaipima taa ile: hamsini na moja. Anageuza boksi na kusoma thelathini na nne, kwa mwandiko wake mwenyewe.

Anavua miwani na kukaa. Zvezdan, asiyekosa mzaha, anamsogezea kikombe cha kahawa.

"Nimeandika mwenyewe, nimekosea mwenyewe," Desanka anasema taratibu. "Wiki ijayo nampa mwenye nyumba funguo za karakana hii. Afadhali niache kabla sijamuunguza mtu."

Kanuni za uandishi wa habari zinataka mhusika aulizwe matumaini yake. Mwandishi huyu anauliza, kwa sauti ndogo kuliko alivyokusudia. Desanka anasema alitumaini kufika pensheni tu, imebaki miaka miwili.

Kisha analichukua boksi tena. Anapitisha kidole kwenye utepe wa boksi, kwenye kona iliyobanduliwa ikabandikwa tena. Pana alama ya jamu ya plamu.

"Mimi nina kisukari," anasema. "Na huyu Zvezdan hajaingia humu tangu Pasaka."

Wananigeukia wote wawili. Nina andazi la bwenini mkononi, na jamu kidevuni.

Alhamisi iliyopita, alipotoka kununua mkate akaniacha humu peke yangu, nilibadilisha tepe za maboksi. Nilidhani amplifaya italia kama bata, tutacheka, nitapata habari ya ukurasa wa kwanza wa gazeti la chuo chetu.

"Maboksi mangapi?" anauliza.

"Kumi na mawili, mama," nasema. "Macho yako hayana kosa. Ni mimi."