Kiti cha Kushoto Kwenye Lori la Babu

Wiki iliyopita nilimfokea mteja mpaka machozi yakamlengalenga, mtu mzima na ndevu zake. Sijivunii. Ila ngoja nikueleze ilivyokuwa, halafu wewe ndiye uniambie.

Alipiga simu kwamba gari limemzimikia kabla hujafika Sikonge. Nikafunga gereji yangu hapa Ng'ambo, Tabora, nikadandia fuso na boksi langu la spana, nikamkuta amekaa pembeni ya barabara anachezea simu. Boneti linatoa joto kama tanuri la mikate. Nikamuuliza, mshale wa joto ulikuwa unasemaje?

"Ulipanda sana, dada, nikaogopa," akasema. "Halafu ukashuka wenyewe mpaka chini kabisa. Nikajua limepoa, nikakanyaga mafuta."

Anatabasamu, kama anatoa ushuhuda kanisani.

Nilimwita majina ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nilipiga boneti lile kwa kiganja mpaka mkono ukauma. Kisha nikaenda kukaa kwenye ukingo wa lami, nikashindwa kufungua hata nati moja. Kwa sababu yale maneno hayakuwa yake, yalikuwa yangu. Niliyasema mimi, nina miaka kumi, kwenye barabara hiyohiyo, enzi hizo ikiwa vumbi jekundu.

Sisi kwetu ni Ipole. Ukitokea Tabora unapita Sikonge, unaendelea kusini, unaanza kuona mizinga ya nyuki imening'inia kwenye miti ya miyombo, hapo umefika. Babu alilima tumbaku miaka na miaka mpaka akanunua lori. Lilikuwa kuukuu tangu siku linaingia kijijini, rangi ya bluu imepauka, mlango mmoja unafungwa kwa kamba ya katani. Lakini lilikuwa letu. Lilibeba marobota ya tumbaku ya majirani, ndoo za asali, wagonjwa, maharusi, hata majeneza. Dereva wake alikuwa baba yangu. Hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kugusa ule usukani, hata baba mkubwa, kaka yake, aliyekuwa anautamani waziwazi.

Ndani ya lile lori kulikuwa na harufu ambayo sijaipata tena popote: asali iliyomwagika na kukauka kwenye mbao, tumbaku, dizeli, na jasho la baba. Bibi alikuwa anatufungia matobolwa kwenye kitambaa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, na karanga za kukaanga. Unatafuna moja kutoka Ipole mpaka Sikonge, taya linachoka kabla ya kiazi. Bibi alikuwa anasema safari isiyo na matobolwa ni kufukuzwa, siyo safari.

Sasa sikiliza jambo moja, maana kila kitu kinasimama hapo. Geji ya joto ya lile lori ilikufa zamani. Fundi mmoja akapachika nyingine, aliyoitoa kwenye gari bovu, na waya ulikuwa mfupi. Akaifunga chini ya deshibodi upande wa kushoto, kwenye magoti ya abiria. Dereva haioni. Kwa hiyo baba alihitaji mtu wa kukaa kiti cha kushoto na kumsomea, na likizo zote mtu huyo alikuwa mimi.

Wenzangu walikuwa wanacheza rede. Mimi nilikuwa daktari. Ndivyo alivyoniita.

"Daktari, mgonjwa anaendeleaje?"

"Katikati, baba."

"Amekula?"

"Amekula, ameshiba."

Alinifundisha taratibu, bila kitabu, kwa kuwa naye hakufundishwa na mtu. Mshale ukiwa chini asubuhi, injini ndiyo inaamka, usiikimbize. Ukikaa katikati, twende. Ukianza kupanda mlimani na ukashuka kwenye tambarare, ule ni uchovu tu, punguza gia. Likichemka ukiwa umesimama na likapoa ukitembea, angalia feni na mkanda wake. Likichemka kila ukikimbia, rejeta imeziba. Ukiona mapovu kwenye mdomo wa rejeta, au oili imekuwa kama chai ya maziwa, gasketi imekwenda, andaa chozi. Na usifungue kifuniko injini ikiwa ya moto, na usiimwagie maji ya baridi hata kama umechanganyikiwa. "Chuma kina hasira kama wewe," alikuwa ananiambia. "Kikiwa na moto, kiache kwanza. Kaa chini, tafuna kiazi."

Alijua yote hayo. Kulikuwa na jambo moja tu hakulijua.

Siku ile tulikuwa tumebeba asali ya kijiji kizima, ndoo zimepangwa mpaka juu, na marobota ya babu kwa nyuma. Asubuhi baba aliona mpira wa chini wa rejeta umepata ufa. Mpira mwingine hakuna, mpaka Tabora. Akafanya kama walivyofanya madereva wote wa njia ile: akakata ukanda wa tyubu ya baiskeli, akauvuta, akauzungusha mara nyingi, akafunga. Alishafanya hivyo mara nyingi na tukafika. Babu alikuwa amesimama hapo na fimbo yake. Baba yake babu alikuwa mpagazi, alibeba mizigo kwa bega kwenye ile njia ya misafara, na babu alikuwa na neno lake kila lori likiondoka: "Mpagazi hakuulizwa mguu unaumaje. Aliulizwa mzigo uko wapi."

Na mimi nilikuwa na yangu moyoni. Baba alikuwa ameniahidi viatu vya kipaimara, vyeupe, vyenye kifungo pembeni. Vilikuwa dukani Tabora na tulitakiwa tufike kabla fundi cherehani mwenye lile duka hajafunga. Njia nzima nilikuwa navaa vile viatu kichwani.

Tulipita Sikonge vizuri. Mbele kidogo mshale ukaanza kutambaa.

"Baba, unapanda."

"Umefika wapi?"

"Umepita katikati. Unakaribia nyekundu."

Akapunguza mwendo, akawa anatafuta mahali penye maji. Nikajua tukisimama tutakaa nusu saa, labda zaidi, na duka litafungwa. Nikaukodolea macho ule mshale, nikauomba kama unavyoomba mvua. Na ukashuka. Haukushuka kama unavyoshuka siku zote, polepole, unasitasita. Ulianguka, kama mtu amekata kamba. Niliona. Moyo wangu uliniambia hapa kuna kitu. Lakini mdomo ukasema, "Umeshuka, baba."

"Umeshuka kweli?"

"Kabisa. Uko chini."

Sikumwambia umeanguka. Ningemwambia tu ulivyoanguka, naamini baba angesimama, angefungua boneti, angeona tyubu imelegea na maji yameisha. Lakini nilisema umeshuka, na nikaongeza, "Mgonjwa amepona." Baba akacheka, akanipiga begani, akasema daktari wangu huyu hajawahi kukosea. Akaongeza gia.

Hatukwenda mbali. Kwanza ilikuja harufu ya rangi inayoungua. Halafu mlio, ko-ko-ko, kama mtu anagonga mlango kwa nyundo. Halafu lori likajikaza lote na kunyamaza. Injini ilikuwa imenoki, imejifunga kabisa. Baba alishuka, akafungua boneti, akasimama tu. Nyuki wakaanza kuja kwenye ndoo, nakumbuka sauti yao, kwa sababu haikuwepo sauti nyingine.

Geji haipimi injini. Inapima maji. Kile kidude chake kimezama ndani ya maji, na maji yakiisha kinabaki kwenye hewa tupu, hakina cha kusoma, kinasema baridi. Chuma kinaungua, mshale unasema baridi. Hili nililijua nina miaka kumi na saba, kwenye video ya simu, ya mtu anayeongea lugha ambayo nilikuwa naokota neno mojamoja. Niliirudia mara nne. Mara ya tano nilizima simu, nikaenda kukaa ndani ya lile lori bovu.

Lori lilivutwa mpaka nyumbani. Jioni ile ile babu aliwaita watoto wake uani. Mimi nilikuwa mlangoni na sahani ya nsansa mikononi, yale majani makavu ya kunde, nimeambiwa nipeleke, nikashindwa kupita.

Babu akauliza, "Nani alikuwa anaangalia mshale?"

Na baba yangu, aliyejua mimi nipo mlangoni, akasema, "Mimi."

"Geji iko kushoto."

"Niliinama nikaangalia. Baadaye nikapitiwa."

"Dereva hupitiwa na usingizi," babu akasema. "Hupitiwa na pombe. Mshale unampitiaje mtu mwenye macho mawili?"

Baba mkubwa akacheka puani. Baba akasema, "Nimekosa, baba." Babu akanyoosha kiganja. Baba akaweka funguo. Sijawahi kusikia chuma kidogo namna ile kikilia kwa sauti kubwa hivyo.

Asubuhi yake nilimfuata baba kisimani. Nikamwambia nitakwenda kusema. Akanikamata mkono, akachuchumaa.

"Usiseme. Mimi nimeshakua, jina langu likichafuka limechafuka. Lako likichafuka sasa hivi litakua na wewe."

"Lakini ni mimi, baba."

"Kwani mimi nimesema siyo wewe? Nimesema usiseme."

Kisha akanichekea, kicheko cha mtu aliyechoka, akasema viatu atanunua mwaka mwingine.

Injini nyingine haikupatikana. Baba mkubwa alikaa kwenye usukani wa gari lisilokwenda kama mfalme wa kijiji kilichohama. Kuku wakatagia kwenye kiti changu. Baba aliondoka kwenda Usoke kufanya kazi kwenye mabani ya watu, yale mabanda ya kukaushia tumbaku kwa moto. Mtu aliyezoea upepo wa dirishani, kutwa ndani ya moshi. Alikuwa anarudi Krismasi, kila mwaka kifua kimekuwa kidogo zaidi. Na kila Krismasi ndugu walikuwa na utani wao: "Dereva, mshale unasemaje leo?" Yeye anacheka nao. Mimi ndiye niliyekuwa siwezi. Nilimrushia binamu yangu mwiko wa ugali. Nilimuuma sikio mtoto wa jirani. Nilifukuzwa kanisani, mazoezi ya kwaya, kwa ajili ya neno moja tu la mchezo kuhusu baba yangu. Ukoo mzima ukajua: huyu binti, baba yake hasemwi mbele yake.

Babu akafa bila kuambiwa. Nilisema nitamwambia baada ya mavuno, halafu baada ya Pasaka. Niliogopa. Sina neno lingine, niliogopa tu.

Ufundi nilijifunzia kwenye lile lori bovu, nalifungua kipande kimoja kimoja mwenyewe, natafuta pale nilipoliua. Hakuna aliyenionyesha. Leo watu wananiletea magari kutoka Urambo na Nzega, wanasema yule dada akiligusa tu rejeta anajua. Nani asingejua, akilipa nilicholipa mimi?

Baba alifariki mwaka juzi, kifua. Siku ya kuondoa tanga watu wamejaa uani, baba mkubwa akasimama kuongea kama mkubwa wa familia. Akasema marehemu alikuwa mtu wa watu, mpole, ingawa ndiye aliyetuulia gari la baba yetu, ila leo tumsamehe.

Tumsamehe.

Nikasimama. Safari hii sikupiga kelele, nakuapia. Nilisema polepole, kwa adabu: "Shikamooni wazee wangu. Aliyekuwa anaangalia geji siku ile ni mimi. Mshale ulianguka nikaona, nikamwambia baba umeshuka. Yeye hakupitiwa. Alinifichia."

Nikadhani sasa limetoka. Nikasubiri hasira zao, nilizitaka zile hasira, nilikuwa nimezisubiri miaka yote.

Baba mkubwa akatikisa kichwa anatabasamu. "Mwacheni," akasema. "Huyu tangu mdogo, baba yake hasemwi. Angekuwa tayari kusema hata lori alilinunua yeye." Watu wakacheka, kile kicheko cha msibani cha kupunguza machozi. Shangazi akanivuta kanga nikae. Nikamgeukia bibi, ambaye macho yake sasa hayaoni, nikamshika mikono, nikamwambia bibi, ni kweli. Akanipapasa uso.

"Umefanya vizuri, mjukuu wangu," akasema. "Mtoto lazima amsitiri baba yake."

Hata yeye.

Lile lori halipo. Wanunuzi wa vyuma chakavu walilikata kwa gesi, wakalipakia kwenye lori jingine. Mahali pake pamelimwa mahindi. Mizinga imepungua, miyombo imekatwa ikaingia kwenye mabani, na lami imefika, Ipole mpaka Tabora sasa ni usingizi mmoja tu, hakuna anayefungiwa matobolwa. Magari mapya hata mshale hayana. Yana taa ndogo ya bluu na taa ndogo nyekundu, basi. Hakuna haja ya mtu wa kusoma. Hakuna anayemuuliza mtoto mgonjwa anaendeleaje.

Yule mteja nilimwomba radhi baadaye, nikatafuta lori likatuvutia gari lake mpaka gereji. Injini imekufa. Aliniuliza kama ni kosa lake, nikamwambia hapana, nikadanganya, maana alikuwa na binti yake mdogo kiti cha nyuma.

Wewe ukiona mshale unaanguka ghafla, simama. Hata kama umechelewa. Na haya mengine nimekuambia wewe kwa sababu hukuwepo msibani na hujui hasira zangu. Mimi ndiye niliyekuwa kiti cha kushoto. Angalau wewe niamini.