Kadi ya Mia Mbili Hamsini na Sita

Tulipomaliza matanga ya baba, ukoo ulikaa uani ukatugawa. Kwetu ndivyo inavyofanyika. Vita ikiacha watoto, wakubwa hukutana na kuamua nani anakwenda wapi, na kila mmoja huondoka na wake. Mdogo wangu wa kike, aliyekuwa sekondari, alipangiwa Mambasa kwa baba mdogo mwenye biashara ya mbao. Wadogo wawili wa mwisho walipangiwa Iga Barrière kwa shangazi, kwa barabara ambayo siku zile hata mbuzi hakupelekwa bila watu kwanza kuuliza habari. Mimi niliacha shule mwaka mama alipokufa. Nilihesabiwa kuwa mkubwa wa kuolewa, kwa hiyo sikuhesabiwa.

Nikasema hakuna anayetoka. Wakubwa walinitazama kwa huruma, kama mtu anavyotazamwa akiwa na homa. Baba mdogo ndiye aliyekubali kuningoja. Angerudi likizo kubwa kuona kama nyumba inajilisha. Ikiwa haijilishi, angewachukua wote watatu mara moja na kila mtu angepelekwa alikopangiwa.

Nyumba ilikuwa inalishwa na kompyuta. Baba aliinunua kutoka ofisi moja ya misaada iliyokuwa inahama mji wetu wa Bunia kwa haraka, na alipokufa ilibaki sebuleni pamoja na groupe ndogo ya kutoa umeme. Niliweka mabenchi matatu, nikaunganisha vishikio viwili vya kuchezea, na vijana wa mtaa wakaja kucheza mpira wa kwenye kioo kwa malipo. Sheria ilikuwa moja: anayefungwa anatoka, anayeshinda anabaki. Kulikuwa na sheria ya pili, kwamba silaha inabaki nje, lakini hiyo sikuiandika ukutani. Niliisema kwa adabu, nikiwa nimesimama mlangoni na ufagio. Wale wapiganaji waliokuwa wanangoja kunyang'anywa rasmi bunduki zao walitii kuliko wanafunzi, na walilalamika zaidi wakifungwa.

Kisha ukafika mchezo mpya wa mpira, wenye majani yanayotikisika, kivuli cha kila mchezaji na watazamaji wanaopunga mikono. Kwenye mashine yetu ulikwenda kwa kurukaruka. Mchezaji alipiga shuti, picha ikasimama kidogo, na tulipoona tena mpira ulikuwa umeshaingia upande mwingine. Nje, mtaa wa pili, risasi zilipolia hazikukwama hata mara moja. Kile kilichokwama kilikuwa cha mchezo tu.

Vijana wakaanza kuhamia sebule nyingine karibu na soko. Nikaelewa kwamba benchi tupu ni njia ya kwenda Mambasa.

Fundi wa redio aliniambia kinachohitajika ni kadi ya picha, ile inayochora mchezo kwenye kioo. Mama mmoja mfanyabiashara wa mtaani kwetu alikuwa anakwenda Kampala kupitia Arua. Aliporudi safari ya kwanza aliniletea karatasi iliyoorodhesha kadi mbili na bei zake. Moja iliandikwa mia na ishirini na nane, pamoja na herufi nyingi nyuma yake na namba nyingine ndogo ambazo sikuzijua. Ya pili iliandikwa mia mbili hamsini na sita, na herufi chache. Bei ya hiyo ya pili ilikuwa rahisi zaidi.

Sisi tuliokulia vitani tulijifunza kupima kila kitu kwa ujazo: bidoni ya maji, kopo la unga, gunia. Anayekuja na chombo kikubwa ndiye mwenye akili. Herufi haziliwi. Mama yule naye alikuwa na fikra hiyohiyo. "Yaya," aliniambia, yaani dada mkubwa, kama mtaa wote ulivyoniita, "chukua ile ya kushiba."

Nilichukua ile ya kushiba. Ilifika katika sanduku lenye picha ya shujaa mwenye upanga wa moto. Tuliiweka mchana, mbele ya mabenchi yaliyojaa, kwa sababu nilikuwa nimetangaza. Fundi akafunga skrubu ya mwisho, groupe ikanguruma, mchezo ukaanza.

Ulikuwa polepole kuliko zamani.

Mmoja wao akasema, "Yaya, hii mupira inangoja visa?" Wakacheka mpaka benchi moja likapinduka. Mimi pia nilicheka, kwa sababu nilikuwa nimesimama mbele yao na sikuwa na kitu kingine cha kufanya na uso wangu.

Mama mfanyabiashara hakukubali kosa. Mimi ndiye niliyetaka namba kubwa, na namba kubwa alikuwa ameleta. Hapo alisema kweli.

Siku iliyofuata niliweka kadi mbili, ya zamani na mpya, juu ya meza, nikazitazama kama mtu anavyotazama nyanya sokoni. Ile ya zamani ilikuwa na vipande vyeusi vinane vya mémoire, yaani kumbukumbu ya kadi, vinne kila upande. Mpya ilikuwa na vinne tu. Nikamwita mdogo wangu anisomee kijitabu cha Kifaransa kilichokuwa ndani ya sanduku, kwani Kifaransa changu kiliishia kwenye kuomba ruhusa ya kwenda nje. Alisoma mara mbili. Upana wa njia kati ya mémoire na kile kinachochora, alisema, ni sitini na nne kwenye hii mpya. Ya zamani, kwa maandishi yaliyobandikwa mgongoni mwake, ilikuwa mia na ishirini na nane.

Hapo nikaelewa, bila msaada wa mwalimu. Vita ilikuwa imenifundisha mapema kuliko shule. Mia mbili hamsini na sita ni ukubwa wa depo, ghala la mémoire. Lakini mali haichezi mpira ikiwa deponi. Lazima ipite barabarani. Ile sitini na nne ni upana wa bariere, kizuizi cha barabarani mali inapopita. Na zile herufi nilizozidharau zinaeleza aina ya mémoire, yaani mwendo wa baiskeli zinazobeba mali. Upana na mwendo pamoja ndivyo vinavyosema ni mzigo kiasi gani unafika kwa saa. Nilikuwa nimenunua depo kubwa yenye bariere nyembamba, na baiskeli zisizokimbia kuliko zile za zamani.

Sikuweza kupanua bariere. Niliweza kupunguza mzigo. Katika mipangilio ya mchezo nilifanya picha iwe ndogo, nikafuta vivuli, nikafuta majani, na mwisho nikaondoa watazamaji wote. Mpira ukakimbia laini kama mafuta.

"Watu ya stade wamekimbilia wapi?" aliuliza mchezaji wa kwanza.

"Kwa kambi ya wakimbizi ya aeroporo," akajibu mwenzake. "Wakipata bâche ya kufunika hema watarudi."

Mabenchi yakajaa tena.

Baba mdogo alikuja likizo kubwa, kama alivyosema. Alikaa benchi la nyuma tangu asubuhi mpaka nilipozima groupe, hakunywa hata chai. Alitazama waliofungwa wakitoka na wengine wakiingia. Kisha akaniuliza kwa nini uwanja hauna watu. Nikamweleza habari ya depo na bariere. Yeye, aliyewahi kulaza lori la mbao siku tatu mbele ya kamba moja ya bariere, alisikiliza kwa makini kuliko mtu yeyote kabla yake.

"Sasa mbao ikiwa mingi na bariere iko moja, weye unafanya nini?"

"Ninapitisha kidogo, baba. Ile inatosha."

Tulikula. Mdogo wangu alikuwa ameshafunga nguo zake kwenye mfuko, bila mimi kumwambia. Nilikuwa nimeuona nyuma ya mlango. Baba mdogo naye aliuona.

"Nilikuja kuchukua watoto," alisema. "Lakini kule kwetu shule imejaa wakimbizi, masomo imesimama. Huyu afungue mufuko yake, na wale wadogo wabaki naye. Binti yangu nitamutuma hapa, asome pamoja naye."

Sikuulizwa kama nafasi ipo. Wiki ile ile binti akashuka kwenye lori la mbao, na mkeka na kuku mmoja. Jioni niliongeza maji kwenye sufuria, nikaongeza unga kwenye maji, nikawaita wote wanne waje kula.