Vidole Vilivyopakwa Hina

Tarehe pili Mfungo Mosi, siku ya pili ya Idi. Manyunyu tangu alfajiri, baridi ya kuvaa sweta. Ndivyo nilivyoandika daftarini mwangu siku ile, na chini yake nikaongeza maneno machache tu: mtoto ameanguka bembeani, mkono. Sasa najaribu kuandika yaliyobaki. Shule yangu iliishia darasa la tano, na kumbukumbu ya mama juu ya mwanawe si ya kuaminika sana, kwa hiyo pale nisipokuwa na hakika nitasema.

Ilikuwa miaka michache baada ya vita. Tulikaa Wandegeya, mtaa wa Kampala, nyuma ya duka la mume wangu: mimi, yeye, mama yake, na binti yetu wa pekee aliyekuwa na miaka saba. Mama mkwe alizaliwa Kampala, na mama yake vilevile, lakini nyumba yao ilishika mambo ya pwani walikotoka wazee wao, na mojawapo ni hina ya Idi. Aliikoroga mwenyewe kwa chai ya rangi, ndimu na karafuu, akaiacha ilale. Alimchora mjukuu wake maua viganjani, kisha akampaka ncha za vidole na kucha zote, akarudia, mpaka zikaiva wekundu unaokaribia weusi.

"Leo mke mwenzangu kanishinda," alisema, maana ndivyo alivyomwita.

Mtoto akamjibu kwamba babu angekuwa hai, bibi angepewa talaka siku hiyohiyo. Tulicheka sana. Nadhani alikuwa amesikia neno talaka dukani.

Bembea ilikuwa kamba tu, imefungwa kwenye mfenesi uani. Kamba ilikuwa imelowa. Aliteleza, akajizuia kwa mkono wa kulia, na kiwiko kikavimba huku tunakitazama, kimekaa upande usio wake. Kwa kuwa ni sikukuu na mvua inanyesha, tulimpeleka kliniki ndogo iliyokuwa karibu. Kijana aliyetupokea alisema wazi kwamba hana mashine ya eksirei. Alipapasa, akasema mfupa umevunjika juu kidogo ya kiwiko, akauvuta, akaukunja mkono na kuufunga plasta ile ngumu nyeupe kutoka begani mpaka kwenye mashina ya vidole. Akatuambia sikukuu ikiisha twende hospitali kuu ya Mulago tukapige picha.

Nataka niwe wa haki kwake, kwa sababu alituonya, kwa Kiswahili chake cha mjini, akiniita mama kwa Kiganda.

"Nnyabo, sikia. Nyinyi naangalia vidole. Kama nageuka rangi, kama nakuwa nyeupe ama bluu, kuja mbio. Hata usiku, kuja tu."

Alirudia. Mume wangu akarudia nyuma yake kama mwanafunzi wa madrasa, ili kijana ajue tumeelewa. Tulikuwa tumeelewa.

Mtoto alilia usiku kucha, kilio ambacho sikuwahi kukisikia kwake. Tulimpa dawa ya maumivu tuliyopewa. Mara kwa mara mume wangu alileta taa, tukainama wote watatu juu ya vile vidole tukavitazama mpaka macho yakauma. Havikuwa vyeupe. Havikuwa bluu. Vilikuwa na rangi ya hina. Nilivishika nikaona vina baridi, lakini mikono yetu sote ilikuwa ya baridi, na mama mkwe akaongeza blanketi. Hakuna aliyezembea. Nasema hivyo na sijui kama nina haki ya kusema hivyo.

Kesho yake mchana alinyamaza. "Hauumi tena," akasema.

Mama mkwe aliinua mikono akasoma dua, mume wangu akaitikia amina kwa sauti ya mtu aliyetuliwa mzigo, na mimi nikakaanga mandazi nikawapelekea majirani. Jioni niliandika alhamdulillahi. Neno hilo bado lipo, sikulifuta, kwa sababu siku ile nililimaanisha.

Asubuhi iliyofuata nilimnywesha uji. Ukamwagikia vidole vya ule mkono, nikavipangusa kwa kitambaa kimoja kimoja, kwa nguvu kidogo kwani ulikuwa umeganda. Yeye alikuwa akiangalia dirishani. Nilipomaliza akaniuliza, "Mama, utanipangusa saa ngapi?"

Sikumbuki tulifikaje Mulago. Mume wangu anasema nilimbeba mgongoni kupanda kilima chote na nikakataa kupokewa. Labda ni kweli.

Daktari wa mifupa alikuwa mtu mzima, mpole. Kabla hajauliza chochote alipasua ile plasta toka juu mpaka chini. Akamwambia mtoto afungue kiganja, vidole havikusogea. Akabonyeza ukucha mmoja, akaachia, akatazama. Akabonyeza wa pili. Kisha akachukua pamba yenye spiriti akausugua, na pamba ikatoka nyeupe.

"Hii rangi ni ya nini?"

"Ya Idi," mume wangu akasema.

Daktari aliiweka pamba chini. Halafu akatueleza, bila ukali, kwamba ukucha wa mtu mwenye afya ukibonyezwa hugeuka mweupe, ukiachiwa damu hurudi na wekundu wake. "Hapa hata mimi sioni kitu," alisema. Alitueleza kwamba mkono uliendelea kuvimba ndani ya plasta isiyotanuka, ukajibana wenyewe hadi damu ikakosa njia. Nyama inayokosa damu huuma kuliko mfupa uliovunjika. Kisha mishipa ya fahamu hufa ganzi, na maumivu hukoma.

Hakuhitaji kuendelea. Nilikuwa najua tulifanya nini siku ile maumivu yalipokoma.

Walimpasua mkono kuanzia kiwikoni kushuka ili ule msongo utoke. Baadaye nilimngoja daktari mlangoni nikamuuliza swali moja, kama vidole vitafunguka.

"Mkono tumeuokoa, mama. Vidole, sidhani."

Tulikaa wodini majuma mengi. Kila asubuhi muuguzi alimnyoosha vile vidole, na kila jioni vilirudi kujikunja kuelekea kiganjani, kila juma zaidi. Mfupa wenyewe uliunga vizuri, daktari alituonyesha picha. Hina ilififia, kucha zikakua zikaisukuma mbele, nami nikazikata. Nimejaribu kumtafuta wa kumlaumu, na kila mara nafika kwa mtu aliyekuwa anafanya lililo jema kadiri alivyojua.

Siku ya kuruhusiwa, tukiwa njiani, mimi na mume wangu tulikubaliana tusimwambie mama yake habari ya hina. Alikuwa mzee. Tulisahau kwamba mtoto alikuwepo daktari alipoyasema yote. Alimkumbatia bibi yake mlangoni kwa mkono mmoja, akamwambia, bila ubaya wowote, kama mtu anayeleta habari za safari, "Bibi, daktari alishindwa kuona kucha zangu. Hina yako ilikolea."

Mama mkwe alinitazama. "Ni kweli, mwanangu?"

Nikasema ni kweli. Kisha nikasema na plasta pia ilibana, na ilikuwa sikukuu, na baridi, na sisi sote tulitazama. Niliyasema yote kwa sababu yote yalikuwa kweli. Sidhani kama aliyasikia hayo mengine. Alikwenda jikoni akawa anachochea moto uliokuwa ukiwaka vizuri.

Jioni tuliketi mkekani kuzunguka sinia. Mtoto alinawa mkono wa kushoto, akausogeza kwenye chakula, halafu akakumbuka ameketi na nani akaurudisha chini ya nguo. Katika nyumba ile sikuwa nimewahi kuona mkono wa kushoto wa mtoto ukigusa sinia bila kupigwa kofi. Mama mkwe alifinyanga tonge akampelekea mdomoni.

Mtoto akageuza uso. "Mimi si mtoto mchanga, bibi."

Tonge likabaki hewani. Mwishowe bibi akalirudisha kwenye sinia, akasema kwa sauti ndogo, "Basi kula nao huo. Mwenye dharura haulizwi."

Akala, akimwaga nusu. Yalikuwa matoke kwa mchuzi wa karanga na samaki mkavu, na mama mkwe hakula.