Maneno Manne Niliyoyasikia kwenye CD ya Kasiani

Mwanangu, kuna siku moja ya masika ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, na mume wangu analijua hilo wala hachukii. Ilikuwa siku ya soko hapa Mbinga. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili, nimekaa nyuma ya meza kwenye kibanda cha kurekodi kanda cha Mzee Shabani, nimesuka nywele, najiona. Kidato cha nne nilikuwa nimemaliza, na Kiingereza changu kilikuwa gumzo la stendi nzima. Gumzo lenyewe, nikisema ukweli, nilikuwa nikilianzisha mimi.

Ninyi mliozaliwa mkaikuta simu hamwezi kujua kibanda kile kilikuwa nini kwetu. Mtu akiwa mbali alinunua kanda tupu, akajirekodi, akampa msafiri ailete nyumbani. Hiyo ndiyo ilikuwa barua. Upande mzima wa kwanza ulikuwa salamu tu: shikamoo baba, shikamoo mama, nisalimieni shangazi, nisalimieni na yule mbuzi kama hamjamla. Wasio na redio walikuja kusikilizia kwetu. Mzee Shabani, mtu mwenye asili ya Kilwa, alikuwa na utaratibu wake: barua ya kanda ikiwekwa, mwenye barua anapewa kiti, na wengine wote wananyamaza, hata kama wamekuja kununua betri.

Basi siku hiyo akaingia Mama Kasiani. Alikuwa muuza usipa, wale dagaa wa ziwani, kutoka Lituhi, hakosi soko, na mwanawe Kasiani alikuwa mwaka wa pili London akisomea uuguzi. Kijiji kizima kilimsindikiza alipoondoka, na kijiji kizima kilikuwa kikimngoja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo nimeleta barua ya kaka yako."

Akafungua pindo la kitenge, akatoa CD imefungwa kwenye karatasi. Haikuwa ya dukani, ilikuwa ya kuchomwa kwa kompyuta, na juu yake Kasiani ameandika kwa mkono wake: Kwa nyumbani. Sikilizeni wote. Ilikuja pamoja na sweta la baba yake, katika mzigo uliopita mikono minne kutoka Dar es Salaam mpaka ziwani, kwa hiyo aliyeuleta Lituhi hakuwahi kumwona Kasiani kwa macho. Mama alitaka nimhamishie kwenye kanda, maana nyumbani walikuwa na redio ya kanda tu. Nikampa kiti. Watu wakajaa mlangoni, kwani barua ya kutoka Ulaya haikuwa jambo la kila soko.

Nikaiweka. Kikatoka kitu ambacho mpaka leo siwezi kukueleza sawasawa. Kulikuwa na mngurumo wa chini uliotetemesha meza, halafu milio ya kukatika-katika, halafu kimya mahali ambapo hukutegemea kimya. Bosco, fundi wa mashine za kumenya kahawa, akasema bila wasiwasi, "Hiyo imeingia jiwe." Mzee Shabani akaitoa CD, akaifuta kwa pindo la kanzu, akairudisha. Ikanguruma vilevile. Katekista mmoja aliyekuwa amekuja kununua betri akasema barua hiyo haikupita kwa padri. Watu wakacheka. Ndipo ikaingia sauti ya kijana, anasema kwa haraka, sauti kavu inayokatika mwishoni mwa kila sentensi, kama mtu anayefukuzwa ambaye anageuka kugombana na anayemfukuza.

Kicheko kikaisha. Mama Kasiani akainuka kwenye kiti, akaweka sikio karibu na spika.

"Sauti imebadilika," akasema. "Baridi imemkausha koo, na lugha ameshika ya huko. Anasemaje, mwanangu?"

Macho yote yakanigeukia. Mwanangu, sikuwa nimeelewa kitu. Kiingereza changu kilikuwa cha kitabu cha shule, cha mtu anayekwenda sokoni kununua mayai na kuuliza saa. Cha yule kijana kilikuwa kingine kabisa. Katika maneno yote yale nilishika manne: polisi, kisu, mama, kufa. Ningeweza kusema, mama, sielewi. Ni neno dogo na lisingenipunguzia hata unywele mmoja. Lakini watu walikuwa wengi na mimi nilikuwa mimi. Nikakunja uso kama daktari.

"Anasema kuna mambo ya polisi. Kuna kisu. Anamtaja mama yake. Anataja na kufa."

Hakupiga kelele. Aliniuliza polepole, "Amechomwa, au amechoma?"

Nami, Mungu anisamehe, nikajibu, "Hapo hajafafanua."

Mama Kasiani akatoka. Gunia la usipa aliliacha palepale mlangoni, akakimbilia lori la kurudi ziwani. Watu wakatawanyika wakinong'ona, na kabla ya adhana ya alasiri stendi nzima ilijua kwamba mtoto wa Lituhi ameharibikiwa Ulaya.

Mzee Shabani alikuwa anaongea kwa sauti ya chini sana, ilibidi umsogelee umsikie. Nikamsogelea.

"Binti, katika yale yote, ulisikia maneno mangapi?"

"Manne, mzee."

"Mengine yote amejaza nani?"

Nikaanza kupanga kanda mezani. Akafunika redio kwa kitambaa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya siku ya soko.

"Kesho utapanda lori la alfajiri uende Lituhi. Utasema hukuelewa. Utamwambia mama yake, na baba yake, na kila utakayemkuta pale."

Nikajitetea kwamba huenda ikawa kweli. Akasema, "Ikiwa kweli, wataambiwa na anayejua."

Njia ya kuteremka kwenda ziwani wakati wa mvua unaijua. Tulisukuma lori mara mbili, na mara zote mbili nilitamani likatae kabisa. Nilipofika nikakuta mikeka imetandikwa nje ya nyumba. Mtumbwi wa baba yake Kasiani ulikuwa umevutwa juu, nyavu kavu, na majirani nao hawakwenda kuvua. Shangazi mmoja alikuwa anaomboleza kwa Kinyasa. Walikuwa wamekaa matanga ya mtu ambaye hakuna aliyejua kama amekufa. Na waliponiona, mwanangu, walinipisha. Walidhani nimeleta habari zaidi. Kupishwa kule ndiko kulikoniumiza kuliko matusi yote ambayo ningeweza kutukanwa.

Nikapiga magoti kwenye mchanga. "Baba, mama, mimi sikuelewa. Nilisikia maneno manne tu. Mengine niliyabuni kwa kuona aibu ya kuonekana sijui."

Shangazi akanyamaza, kisha akanigeuzia mimi kilio chake, na yote aliyoniambia nilistahili. Baba yake Kasiani alikuwa amevaa lile sweta, joto la ziwani lote lile. Akaniuliza:

"Kwa hiyo mwanangu huenda ni mzima?"

"Sijui, baba."

"Hilo sijui lako," akasema, "lingekuja jana."

Namba ya simu ilikuwepo. Kasiani alikuwa ameiandika kwenye karatasi iliyofungia sweta. Lakini Lituhi simu zilikuwa hazijafika, na zaidi ya hapo waliogopa. Tukipiga, akapokea mtu mwingine? Hilo ndilo lililowaweka mikekani. Mama ndiye aliyeamua. Akasema heri ajue. Kesho yake tukapanda lori watu watatu, mama, baba na mimi, na njia nzima hakuna aliyenisemesha, nami nikaona ni haki.

Mzee Shabani alikuwa miongoni mwa wachache wenye simu ya mkononi hapa mjini. Akabonyeza namba, akampa mama. Ikaita, ikaita. Halafu sote tukasikia sauti ndogo, "Haloo?"

Mama akaita jina lake tu.

"Haloo? Nani? Mama? Shikamoo, mama. Kuna msiba huko nyumbani?"

"Msiba ulikuwa wewe," akasema, na ndipo akalia.

Baba alikaa chini kwenye kizingiti, akaweka viganja usoni. Sijawahi kupata nafuu kama ile, hata nilipojifungua. Nilikuwa nacheka na machozi yanatoka, na Bosco, aliyeitwa na kelele zetu, akacheka bila kujua tunacheka nini.

Kasiani akaeleza. Yule kwenye CD hakuwa yeye. Ni kijana wa mitaa ya huko, ametoa albamu yake ya kwanza, muziki wanaouita grime, na bwenini kwao watu walikuwa wanagombana juu yake. Wapo waliosema ni makelele matupu, na wapo waliosema hawajawahi kusikia mtu akisema maisha yao namna ile. Yeye kila akiisikia alikumbuka mashine ya kumenyea kahawa ya mjomba wake, akaichoma nakala aitume, apate kujua sisi tutasikia nini. Barua ya kueleza yote hayo aliituma kwa posta. Ilifika wiki tatu baadaye.

"Sasa mlisikia nini, mama?"

"Nilisikia mtoto anafukuzwa. Nikajua ni wewe." Akajifuta machozi. "Huyo naye mama yake yupo?"

"Sijui, mama."

Alipokata simu, akavuta kile kiti, akaketi. "Mwekeni tena," akasema.

Tukamweka tena, kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa utaratibu wa barua, watu wote kimya. Bosco alisikiliza, kisha akakiri kwamba hakuna jiwe, ndivyo inavyotakiwa kunguruma. Mama hakutikisika. Ilipokwisha akasema, "Nashukuru si wangu. Lakini ni wa mtu."

Nakusimulia haya kwa sababu jana ulinisomea, unacheka, maoni uliyoandika mtandaoni kuhusu albamu ya kwanza ya yule binti mwimbaji. Umeiita takataka, ukasema anaimba hivyo kwa sababu ni malaya, nawe umeniambia mwenyewe kwamba hukuumaliza hata wimbo mmoja. Watu wangapi wamekwisha kusoma? Una haki ya kutopenda. Mimi ile ya London mpaka leo inaniumiza kichwa, ingawa nasikia sasa wasomi wanaisifu na waliokuwa wakiibeza wanajidai waliipenda tangu siku ya kwanza. Usilopenda, sema hulipendi. Usilolielewa, sema hulielewi, na useme mapema, watu wakiwa wengi vilevile. Lakini usijaze mwenyewe usichokisikia, kwa sababu maneno unayojaza yanasafiri mpaka nyumba usiyoijua, na huko kuna mtu atatandika mkeka. Na ukishakosea, usingoje yapoe. Panda lori uende. Mimi nilikuta bado kuna wa kuniambia lingekuja jana, nikashukuru, maana wengine huwakuta wamekwisha kuzika.

Sasa chukua simu yako ufute ulichoandika, kisha umwandikie yule binti kwamba hukumsikiliza. Mungu akujalie Mzee Shabani wako, wa kukuambia nenda ukaseme hukuelewa. Akujalie na magoti ya kusemea hilo. Na huko uendako akukutanishe na mama atakayesema, mwekeni tena.